Maji Yalipitia Mlango wa Nyuma

Mto ukifura, hupanda hadi wapi? Swali hilo limeninyima usingizi wiki nzima. Leo nimepata jibu. Nimelipata nikiwa nimesimama juu ya meza katika nyumba ya watu, nimevaa koti, shati na tai, na kutoka kiunoni kwenda chini sina kitu ila suruali ya ndani. Aliyenikuta hapo ni baba wa msichana ninayetaka kumwoa.

Ndugu zangu wa bweni, nawaandikia wote barua moja kwa sababu sina nguvu ya kuieleza aibu hii zaidi ya mara moja. Someni kwa zamu. Anayesoma kwa sauti asome polepole.

Habari za Kemunto mnazijua. Baba yake ni Mzee Ombati, mwenye duka pale Kebirigo, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa maneno machache na mwavuli mkubwa. Mke wake alifariki, wanawe wa kiume wote wako Nairobi, na tangu hapo Kemunto ndiye anayeuza dukani, anayepika, na anayemgombeza baba yake ameze dawa. Mzee alikubali wazee wangu walipokuja kutoka Manga. Akakubali ng'ombe. Alikataa kitu kimoja tu: binti yake hataolewa na kijana wa ofisini anayelala katika chumba cha kupanga Kisii mjini. Nyumba kwanza. Ya matofali, ya bati. Na nyumba yenyewe alikuwa ameshaiona.

Ni nyumba ya Mwalimu Makori, ambaye amehamishiwa Kenyenya na anataka kuuza upesi. Iko bondeni chini ya soko, pale mikaratusi inapoanzia, karibu na mto. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji. Mlango wa mbele unatazama mto, wa nyuma unatazama mteremko na barabara. Bei ni nzuri. Nzuri mno. (Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikipunguziwa bei hata ya ndizi, huigeuza ile ndizi mara mbili mbili.)

Sisi wa Manga tumezaliwa juu ya ukingo wa mlima. Mvua ikinyesha, maji yanatupitia tu, yanakwenda kusumbua watu wengine. Hatujui kukaa nayo. Isitoshe, nilisoma jiografia, si nyingi, lakini kiasi cha kujua kwamba mahali tambarare kando ya mto hapakusawazishwa na malaika.

Kwa hiyo niliuliza. Mzee Ombati akaniambia mto ule haujawahi kuingia katika nyumba ile. Nikamuuliza jirani, Mama Kerubo, akaniambia mto haujawahi kukanyaga hata uwanja. Mwalimu Makori akaniapia hivyo hivyo. Watu watatu, neno moja. Nilipaswa kutulia. Badala yake nikaanza kujiuliza kwa nini wanakubaliana vizuri hivyo, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Ijumaa ya juma lililotangulia nikaenda kwa wakala wa bima mjini, Bwana Pius, mwenye ofisi juu ya duka la baiskeli. Nilipomwambia nataka kukatia nyumba bima, alinisogezea kiti. Tukaongea habari za moto, akaandika. Tukaongea habari za radi, akaandika kwa furaha zaidi, maana Kisii hii radi zina wateja. Nilipotaja mafuriko, akaweka kalamu chini.

Akanieleza bila haraka. Bima ya nyumba ya kawaida ni ya moto na radi. Maji yanayopanda kutoka chini ni habari nyingine, hununuliwa peke yake, na kampuni haikubali mpaka ijue nyumba iko bondeni au kilimani, mto uko umbali gani, sakafu imeinuliwa kiasi gani, na kama maji yamewahi kuingia. Yakiwa yamewahi, kampuni itakataa, au itakutoza mpaka ujute. Ukificha, siku yakiingia hulipwi, na ulichokuwa ukilipa kimekwenda na maji pia. Wala usidhani utakimbia kukata bima siku umeona mawingu.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, ni nani hupewa bima ya mafuriko bila taabu.

Bwana Pius alifikiri kidogo. "Watu wa Manga," akasema.

Halafu akanipa kazi. Nimletee jibu moja tu, lenye sahihi yangu: maji yamewahi kuingia, ndiyo au hapana. Yeye atalipeleka Nairobi.

Ndiyo au hapana! Mimi ambaye nikiulizwa kama nataka chai huanza na "inategemea". Nitatiaje sahihi kuhusu tabia za mto nisioujua? Na nikiandika "sijui", nani atapokea? Na nikikataa nyumba, nitamwambia nini Mzee, ambaye ndiye aliyenitafutia? Atasema ninamwita mwongo. Na kijana anayemwita mkwe wake mwongo kabla ya harusi hana harusi. Hapo ndipo usingizi ulipokwenda.

Leo ni Jumapili. Ndiyo siku tuliyopangiwa, maana jana ilikuwa Sabato na hakuna ambaye angeuza hata kiberiti. Saa kumi na moja jioni tungekutana dukani kwa Mzee, wazee wawili wa soko washuhudie, nitie sahihi mkataba wa kununua nyumba. Nami nilikuwa na wazo ambalo asubuhi lilionekana la akili sana. Msimu huu mvua hunyesha kila alasiri, kama imeajiriwa. Nitafika mapema, nitaingia katika ile nyumba, nitakaa ndani mvua ikinyesha, na nitaona kwa macho yangu mto unafanya nini. Ufunguo nilikuwa nao. Nilimwomba Mzee katikati ya wiki nikasema nataka kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. (Kemunto alinitazama. Anajua mimi na mapazia hatujuani.)

Nikashuka basi kabla ya kufika sokoni, nikazunguka kwa njia ya chini ili nisipite mbele ya duka. Hakuna aliyeniona. Nilijipongeza kwa hilo, na sasa mtaona lilivyonisaidia.

Nilikuwa nimevaa suti. Ninayo moja, mnaijua, ile ya mahafali, yenye suruali pana chini. Ilikuwa ya kutilia sahihi. Ndani ya nyumba Mwalimu alikuwa ameacha meza na kigoda. Nikafungua mlango wa mbele wazi, nikakata kijiti, nikakisimika ukingoni mwa mto ili nione maji yakikipanda, nikarudi ndani kusubiri.

Mawingu yakaja kutoka upande wa Manga. Hapo nikaanza kufikiri. Maji yakiingia ghafla, yataniloweshea suruali. Nikiwa na suruali yenye matope nitasimamaje mbele ya wazee? Nikisubiri mpaka yaingie ndipo niivue, sitawahi. Kwa hiyo jambo la busara ni kuivua mapema, nikiwa peke yangu, katika nyumba ambayo hakuna anayejua kwamba nimo. Nikaivua. Nikaikunja kwa kufuata mstari wa pasi. Nikaiweka juu ya kigoda, na viatu juu yake, na soksi ndani ya viatu. Kisha nikakibeba kigoda nikakiweka mahali salama kabisa, mbali na mto.

Kando ya mlango wa nyuma.

Mvua ilipoanza, haikuwa ya kuanza. Ilishuka yote. Bati likapiga kelele hata nisisikie mawazo yangu (na mawazo yangu si ya kunong'ona). Nikasimama katika mlango wa mbele, macho kwenye kijiti. Mto ukapanda kidogo. Ukawa wa rangi ya chai ya maziwa. Ukapanda tena, ukafika kwenye magugu, ukayalaza, ukatosheka. Nikangoja. Haukusogea. Kijiti kimesimama, nusu yake kavu.

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu matokeo ya mtihani. Mzee alisema kweli. Mama Kerubo alisema kweli. Nikaanza kutunga jibu la Bwana Pius kichwani: hapana, kwa maana ya kwamba, kulingana na uchunguzi nilioufanya mwenyewe wakati wa mvua kubwa. Nilikuwa nimefika kwenye sahihi niliposikia baridi kwenye visigino.

Nikageuka. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango wa nyuma. Hayakuja kwa adabu. Yalikuwa mekundu, yamebeba maganda ya ndizi, majani ya kabichi na gunzi la mahindi, yaani masalio yote ya soko la Ijumaa. Kabla sijaamua kama niushike mlango au nikishike kigoda, mlango ukafunguka wenyewe, ukapiga ukuta, na mto mwingine kabisa ukapita katikati ya nyumba.

Kigoda kilielea kwa heshima. Viatu vikazama. Suruali ikajikunjua, ikanyoosha miguu yote miwili, ikanipita, ikatoka kwa mlango wa mbele kama mtu anayewahi basi. Niliifuata hatua mbili, nikaona mbele ni mto na nyuma ni mto, nikapanda juu ya meza.

Kutoka mezani, kupitia dirisha la nyuma, nikaona kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama nisingekuwa bingwa wa jiografia aliyekazia macho mto. Ile barabara ya malori ya majani chai, iliyopanuliwa miaka ya karibuni, ina kalvati ya kupitishia maji chini yake. Mdomo wa kalvati unatazama mteremko. Na mteremko unatazama mlango wa nyuma wa Mwalimu Makori. Maji yote ya paa za soko, ya mitaro ya soko, ya njia ya soko, yalikuwa yamepewa anwani ya nyumba hii.

Nikiwa bado natazama, kelele za bati zikapungua kidogo, nikasikia jembe.

Mtu alikuwa analima nje, pembeni nisipomwona, katika mvua ile. Anapiga jembe upesi upesi, anapumzika, anahema, anapiga tena. Baada ya muda maji ndani yakaanza kupungua. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba jirani mwema amekuja kugeuza maji. Nikajua pia kwamba jirani mwema akimaliza atachungulia ndani. Nikatafuta mahali pa kujificha. Chumba cha pili hakikuwa na mlango. Chini ya meza kulikuwa na maji. Nikavuta koti lishuke. Koti la mtindo huu ni fupi, linaishia pale pale ambapo ningetaka lianze.

Akaingia na jembe mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, koti la mvua likichuruzika. Alikuwa Mzee Ombati.

Wale msiotoka Kisii, nisikilizeni. Kwetu kuna chinsoni. Mtu wa rika la baba yako hapaswi kukuona bila nguo, wala wewe kumwona. Hamtaniani, hamwoni mambo ya ndani ya mwenzenu. Kwa baba mzazi, tunayemwita tata, ni jambo zito. Kwa mkwe ni zito zaidi, na kwa mkwe ambaye bado hajakupa binti yake, halina hata jina. Kuna watu wamehama njia ya kisimani kwa jambo dogo kuliko hili.

Alinitazama kwa muda wa kutosha kunitambua. Halafu tuligeuka pamoja, kwa haraka ile ile, yeye akatazama ukuta wa nyuma na mimi, juu ya meza yangu, nikatazama ukuta wa mbele.

"Nani?" akauuliza ukuta.

"Mimi, tata. Mokua."

"Umevaa?"

"Juu nimevaa, tata."

"Na chini?"

"Chini kumekwenda mtoni."

Nikasikia kitambaa kikivuliwa, kisha koti la mvua likaruka kinyumenyume, likanigonga mgongoni. Nikajifunga kiunoni kama leso, nikashuka ndani ya maji. Nikamwambia nimejisitiri. Hakugeuka. Na hapo, pole pole kama kawaida yangu, nikaanza kushangaa. Mimi ninajua kwa nini niko hapa. Yeye amefuata nini, katika mvua, na jembe?

Nadhani alinisikia nikishangaa.

"Umekuja kabla ya mvua au baada?" akauliza.

"Kabla, tata."

"Kwa hiyo umeona yote."

"Nimeona."

"Mto haujawahi kuingia hapa. Nilikuambia kweli."

"Kweli, tata. Kuhusu mto hukunidanganya."

Ufagio ulianguka majini. Hakuuokota. Akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwake, na yote aliuambia ukuta. Kwamba tangu barabara ipanuliwe, maji huingia kila mvua kubwa. Kwamba mwaka jana alikuwa akiteremka na jembe kumsaidia Makori. Kwamba leo alitaka kugeuza maji, aingie kwa mlango wa nyuma usioshika komeo, na afagie sakafu ili jioni nikija nikute pakavu, na baadaye, tukishahamia, angekuwa akija kila mvua, kimya kimya, kuuzibua ule mtaro wa nyuma.

"Mpaka lini, tata?"

"Mpaka nishindwe." Akavuta pumzi. "Manga ni mbali, Mokua. Nyumba hii naiona nikisimama mlangoni pa duka. Ningeona moshi wa jiko la Kemunto asubuhi. Nikiona moshi, basi."

Nilikuwa nimekesha siku zote hizo nikichunguza mto, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja huyu mzee ataamkaje asubuhi ya kwanza bila Kemunto.

Ndipo Mama Kerubo alipofika. Alisimama kwenye mlango wa mbele, ameshika fimbo ndefu, na juu ya fimbo imetundikwa suruali yangu. Aliikuta imenasa kwenye daraja la miti, na kwa kuwa haikuwa na mtu ndani, alipanda na mto nyumba kwa nyumba akiulizia mwenyewe. (Nyumba kwa nyumba. Naomba mkae na maneno hayo.) Alitukuta wanaume wawili ndani ya maji, mmoja anatazama ukuta huu, mwingine ule, mmoja amejifunga koti la mvua kama sketi.

"Mnaomba au mmegombana?" akauliza.

Akaitazama suruali, akanitazama miguu, akapata jibu lake mwenyewe. Aliitundika kwenye kitasa cha mlango kwa upole mkubwa, kama mtu anayeacha maua, akaondoka. Nilimsikia akianza kucheka alipofika kwenye mikaratusi. Alikuwa bado anacheka nilipoacha kumsikia.

Sasa hili ndilo nilitaka mlijue, kwa sababu mnanifahamu. Mimi ni mtu wa "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". Pale ndani ningeweza kuanza. Ningeweza kusema mtaro ukichimbwa vizuri, ukawekwa mawe, sakafu ikainuliwa, pengine. Bei ni nzuri. Mzee ataumia nikikataa. Lakini jana ningeweza kumwandikia Bwana Pius "sijui" kwa moyo safi, na leo nilikuwa nimesimama ndani ya jibu, linanifika kwenye mashavu ya miguu. Kampuni haitaikatia bima nyumba hii nikisema kweli, na nikisema uongo haitalipa. Nani atalipa, basi? Mzee, kwa jembe, mpaka ashindwe.

"Sitainunua, tata," nikasema.

Mzee akaegemeza jembe ukutani.

"Lakini Kemunto hataenda Manga," nikaendelea, na nikashangaa kusikia bado ninaongea. "Tutakaa Kebirigo hii hii, juu ya barabara. Nitapanga kwanza, nijenge baadaye. Moshi utauona."

Nilikuwa sijamuuliza mama yangu. Nilikuwa sijamuuliza Kemunto mwenyewe. Nilikuwa sijafikiri hata kidogo, na ninawaambia, ni hisia ya ajabu, kama kushuka ngazi gizani na kukuta sakafu ipo.

Mzee alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, kiganja wazi. Nikaweka ufunguo ndani yake, nami bila kugeuka, kwa hiyo kwanza nilimgonga kiwiko, kisha nikaudondosha majini, kisha tukautafuta wote wawili kwa miguu, mgongo kwa mgongo, kama watu wanaocheza ngoma wasiyoijua. Aliupata yeye. Akatoka na jembe lake, akaniambia koti nibaki nalo.

Suruali ilikuwa haivaliki. Viatu nilipata kimoja. Nikapanda sokoni hivyo hivyo, tai shingoni, koti la mvua kiunoni, kiatu kimoja mkononi, na soko la Kebirigo ambalo Jumapili huwa na watu wanne lilikuwa limejaa. Mama Kerubo alikuwa amepita. Hakuna aliyecheka mbele yangu. Walinisalimu kwa heshima, wakiuliza habari za huko chini.

Dukani wazee wawili walikuwa wamekaa, kalamu iko mezani. Kemunto alikuwa nyuma ya kaunta. Aliniona, akainama kutafuta kitu chini ya kaunta, na akakitafuta kwa muda mrefu sana, mabega yakitikisika. Nikafungua kinywa nieleze kwa nini sitii sahihi. Nilikuwa nimeandaa sababu njiani, na zilikuwa nyingi, na ya kwanza ilianzia kwenye umbo la bonde. Mzee Ombati akanitangulia.

"Nyumba ile inaingia maji," akawaambia wazee. "Nilijua. Kijana hanunui."

Akaondoa kalamu mezani. Mmoja wa wazee akaniangalia kiunoni, akasema wameona.

Fundi cherehani wa pale sokoni ana vyumba viwili vya kupangisha, upande wa juu wa barabara, juu kabisa ya kalvati. Kemunto alivipenda zamani, kumbe, ila hakuna aliyemuuliza. Nimevikodi jioni hii hii. Sikupima madirisha. Sikuuliza waliokaa hapo kabla yangu waliondoka kwa nini. Nimelipia mwezi wa kwanza, nikapewa ufunguo, na yule fundi akanishonea suruali ya kaki ya kuvaa nikirudi mjini, bila kuniuliza ile nyingine iko wapi. Alikuwa anajua.

Kesho nitapanda Manga kumweleza mama, nikiwa nimevaa vizuri. Bwana Pius nitampelekea jibu lake: ndiyo.

Ninyi chekeni. Sitawazuia, najua wenzangu. Lakini chekeni sasa, mmalize huko huko, kwa sababu mnaalikwa harusini, na mimi na Mzee tumeelewana tayari kwamba siku hiyo tutakaa tumeangalia upande mmoja.